Vifungo Mia Moja vya Muuguzi Wetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya upasuaji. Jina lake limo kwenye jalada la kijitabu hiki cha kumuaga. Sisi tunamwita Mama Vifungo.

Vifungo vyenyewe ni mia moja, vya mashati, ndani ya bakuli la plastiki. Zamani mgonjwa akiambiwa hatari ya kufa katika upasuaji ni asilimia nne, aliitikia kwa kichwa kisha akaenda kuandika wosia. Mama Vifungo alianza kumwaga vifungo kitandani: vyeupe tisini na sita, vyeusi vinne. Dereva mmoja wa lori alivitazama akacheka. "Kumbe ndiyo hivi tu, dada? Barabarani kwangu vyeusi ni vingi zaidi!" Akasaini. Mwingine alimeza kimoja akidhani ni dawa. Kilirudi siku ya tatu, kikaoshwa, kikaendelea na kazi.

Mimi, niliyekuwa daktari mkuu wa wodi hiyo, nina la kusema kabla sijafa, na muda wangu si mwingi. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwambia fundi cherehani kwamba upasuaji mpya wa mguu una hatari mara mbili ya ule wa zamani. Fundi akatoroka na kidonda chake. Mama Vifungo alimfuata nyumbani na bakuli. Kifungo cheusi kimoja cha upasuaji wa zamani kilikuwa kimeongezeka kuwa viwili tu. Asipopasuliwa kabisa, vyeusi vya kupoteza mguu ni sitini. Fundi alirudi, na mpaka leo anakanyaga cherehani kwa miguu miwili.

Nami nikamwandikia Mama Vifungo barua ya onyo, kwa kuingilia kazi ya daktari. Barua hiyo ilimnyima ukuu wa wauguzi wa wodi mara mbili. Ukweli ni kwamba sikuwahi kujiuliza: mara mbili ya nini?

Wiki iliyopita niliungama kwa uongozi. Onyo limefutwa, na barua ya kulifuta imebandikwa ubaoni, wasome wote.

Sasa nimelazwa wodi hiyohiyo. Juzi alinimwagia bakuli: vyeusi thelathini na vitano. Nilivihesabu, nikaanza upya.

"Baba daktari," akasema, "na vyeupe navyo vihesabu."

Napasuliwa Jumatatu.

Asante, Mama Vifungo. Bakuli umetuachia, nenda ukapumzike, siku zako nyumbani ziwe nyingi na njema. Vyeupe nimevihesabu. Ni sitini na vitano.