Kurasa Zilizofungiwa Karanga

Isihaka, rudishia mlango wa uani, na wewe Biasha mwanangu acha kutwanga kwanza, uje ukae hapa karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki mbali tena na nina neno ambalo nikilala nalo leo huenda nisiamke kulisema. Uji niuwekee pembeni, utanikatisha. Nataka mnisikilize mpaka nimalize, hata likiwauma, na wewe hasa, Isihaka, usiinuke.

Watu wananijua kuwa ni Bashiri wa vitabu. Tangu mko wadogo mmeniona nikitoka hapa Likunja na baiskeli, mfuko wa turubai nyuma, nakwenda Ruangwa, Nambilanje, Nachingwea, natafuta vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, misahafu ya masheikh waliokufa, vitabu vya dawa, vitabu vya Wajerumani vilivyosahaulika maghalani, kisha nawapelekea wanaovitaka. Na palipo na harusi au dansi nakaa nikapiga, kwanza zeze, na miaka hii kumi kodiani ile nyekundu iliyoning'inia pale ukutani. Nilijiona mjuzi. Nikishika karatasi kwa vidole viwili naijua umri wake, nikinusa wino najua umepikwa kwa masizi au kwa magome. Huo ndio uliokuwa ujuzi wangu, wanangu, kushika na kunusa. Kusoma, nilisoma kurasa mbili tatu za mwanzo, kiasi cha kumwambia mnunuzi.

Babu yenu, Mwalimu Kaimu, alifundisha watoto Kurani hapa kwa miaka mingi, na alikuwa na kitabu chake kimoja kikubwa, chenye jalada la ngozi ya mbuzi, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwanzoni mlikuwa na dua na habari za mvua na nyota, na mbele zaidi, kama nilivyokuja kujua, mambo ya watu wa hapa. Alipokuwa anakata roho, mwaka ule vita vya juzi vilipokwisha, alikiweka mikononi mwangu akaniambia, "Bashiri, kisome mpaka mwisho. Usikiache njiani." Nikamwitikia, "Ndiyo, baba." Nikamzika, nikakitia kitabu sandukuni, na sikukifungua.

Miaka mitatu baadaye Wazungu wa mashamba makubwa ya karanga walikuwa wameingia Nachingwea. Isihaka unakumbuka, ulikuwa na umri wa kwenda kushangaa matrekta yakiburura minyororo na misitu ikilala chini kama nyasi. Kulikuwa na Mzungu mmoja msimamizi wa matrekta, anayependa vitu vya kale, na chumbani kwake nikaiona kodiani. Alinipa niijaribu, nikaikunjua mara moja, na moyo wangu ukaondoka pale pale. Akasema hataki kingine ila kitabu cha mkono ambacho wenzake hawana. Kesho yake nilimpelekea kitabu cha baba. Alikinusa, kama ninavyonusa mimi, tukacheka wote wawili, nikarudi nyumbani kodiani ikiwa nyuma ya baiskeli, kila nikishuka napiga.

Haikupita miezi miwili akaja Selestini. Alikuwa Mmakua, kibarua wa karanga, mtu mrefu, mpole, anayevua kofia hata kwa watoto. Alisimama pale uwanjani akaniambia, "Kaka Bashiri, shamba hili la bondeni alilifyeka baba yangu, Dastani. Alipochukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani katika vita vya kwanza alimwachia Mwalimu Kaimu amshikie. Hakurudi. Mama akanichukua kwao Masasi. Sasa mimi ni mtu mzima, nimerudi." Mimi nilikua nikiliona shamba la baba yangu tu, maana alilolima mwenyewe na hili aliloshikishwa yalikwisha kuungana, hayana mpaka. Nikamwambia ameota. Akanipeleka kwa jumbe.

Barazani palijaa watu. Jumbe akamwuliza ana shahidi gani, naye akasema, "Mama aliniambia kabla hajafa kuwa Mwalimu Kaimu aliandika yote katika kitabu chake. Kitabu kiko kwa huyu. Akilete kisomwe." Hapo, wanangu, ndipo nilipoharibu. Kilichomo sikukijua, wallahi sikukijua, lakini kuwepo kwa kitabu nilikujua, na mahali kilipo nilipajua, saa chache za baiskeli. Jumbe akanigeukia: "Bashiri, baba yako aliacha kitabu?" Nikaona aibu ya kusema nimekibadilisha kwa kinanda, nikaogopa kodiani itatakiwa irudi. Nikaapa mbele ya watu wote kuwa hakuna kitabu hicho. Mtoto wa Mwalimu akiapa, nani atambishia? Selestini akavaa kofia yake, akaondoka.

Ningeishia hapo ingekuwa uongo mmoja. Lakini Jumamosi ile ile nilikuwa na dansi kwenye kambi ya vibarua Nachingwea, na kichwa changu kilikuwa bado kina moto, nikatunga wimbo. Mnaujua. Biasha, umeuimba ukitwanga tangu ukiwa msichana mdogo:

*Selestini kaja na jembe, karatasi hana,*
*Selestini kaota shamba, kaamka hana,*
*Mwambieni alale tena, aote na nyumba.*

Ulishika kama moto kwenye nyasi kavu. Waliuimba vibarua wakipanga foleni ya posho, wakauimba wanawake kisimani Ruangwa, watoto wakamfuata nao njiani. Hakuweza kula na wenzake pasipo mmoja kuuanza. Akaacha kazi, akahamia Mbekenyera, akawa anawafyekea watu mapori yao, na huko miaka minne iliyopita mti alioukata ukamwangukia. Habari ziliponifikia nilisema "Mungu amrehemu," nikaendelea kukaza nyuzi za zeze la mtu. Nawaambieni hili ili msije mkadhani baba yenu alikuwa mtu mwema aliyekosea siku moja.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, mlinituma Nachingwea kuleta chumvi. Ilikuwa asubuhi, pale yanaposimama malori, nikamwona mama mmoja anauza karanga za kukaanga, nikachukua fungu. Nilikuwa natafuna huku naongea na watu. Zilipokwisha nikataka kuitupa karatasi, na kidole changu, kidole hiki, kikaitambua. Nikaikunjua. Ulikuwa mwandiko wa baba yangu. Ile "kaf" yake yenye mkia mrefu, ile namna ya kuinamisha mstari kuelekea chini, mwandiko ulionifundisha kusoma. Una mafuta ya karanga na chumvi. Nilisimama tu kama mtu aliyepigwa na radi ambaye bado hajaanguka, na dereva mmoja akaniuliza, "Mzee vipi, umeumwa na nge?"

Nikamrudia yule mama, nikamwuliza karatasi hizi kazitoa wapi. Akasema Wazungu wa karanga walipoondoka, mpishi wa mmoja wao aliachiwa sanduku la makaratasi, na yeye mwenyewe akampa mpishi mahindi, akalichukua. "Nimefungia miaka, baba. Nzuri, ngumu, haipitishi mafuta." Nikamwambia anipe zilizobaki. Pamoja na ile yangu zilikuwa kumi na moja. Kitabu chote cha baba yangu kimekwenda mikononi mwa watu na karanga, kikatupwa njiani, kikaliwa na mbuzi, zimebaki kurasa kumi na moja, nami nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikazisoma. Kwa mara ya kwanza nikasoma mpaka mwisho.

Ukurasa wa tisa katika hizo kumi na moja unasema hivi, nimeukariri bila kutaka: "Shamba la bondeni, kutoka kijitoni hadi kichuguu kikubwa, ni la Dastani Mmakua, aliyelifyeka kwa mikono yake. Ameniachia nimshikie. Asiporudi yeye, ni la mwanawe Selestini, sasa ana miaka mitatu. Akija apewe bila maneno. Mimi Kaimu nimeandika, na mwanangu Bashiri atatekeleza."

Atatekeleza. Jina langu, wanangu. Nimefanya kazi ya vitabu maisha yangu yote, na kitabu kimoja tu kilikuwa kimeandikwa jina langu. Tangu siku ile sijapata usingizi wa kweli. Naweka tonge mdomoni nasahau kutafuna. Mnadhani ni kifua. Kifua kipo, lakini kabla ya kifua lilikuwa hilo.

Nilikwenda Mbekenyera. Niliwaambia nimefuata msahafu. Nilikwenda kumtafuta binti wa Selestini, Letisia. Nikamkuta anapalilia ufuta wa watu, mtoto mgongoni. Alinyooka akanitazama, akasema, "Shikamoo mzee. Wewe ndiye Bashiri wa wimbo." Nikamsomea ukurasa. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Akasema, "Baba alikuwa anauimba wimbo ule."

Nikamwuliza, "Ule wangu?"

"Ule ule. Akifyeka. Tukimkataza anasema, maneno ni ya uongo lakini sauti yake tamu, mwacheni baba yenu aimbe."

Wanangu, nimepigwa na maneno mengi katika umri huu, lakini hilo lilizidi yote. Nikamwambia shamba ni lako, njoo ulichukue. Akatikisa kichwa. "Mimi sijui kusoma, mzee, na karatasi hiyo mimi haikuniambia jipya. Lakini waliocheka bado wako hai. Wasomee wao. Wakishasikia, nitakuja." Nikamwahidi. Na nimepita kwa jumbe mara mbili tangu siku ile, ukurasa uko mfukoni, na mara zote mbili nimesalimia nikarudi. Niliwaambia ni homa; haikuwa homa. Nilikuwa naogopa nyuso zao.

Usinitazame hivyo, Isihaka. Najua. Mikorosho ya bondeni tuliipanda wewe na mimi, umeimwagilia kwa ndoo, umeilinda na moto, na sasa unaona nakunyang'anya jasho lako. Ni kweli nakunyang'anya. Lakini tuliipanda juu ya kiapo changu, na msikate hata tawi moja, msing'oe hata mche kwa hasira. Alilolima babu yenu mwenyewe ni dogo, halitawalisha; mtahamia Nambilanje kwa wajomba zenu, kuna pori la mama yenu halijaguswa. Zile kurasa ziko chini ya godoro hili, upande wa kichwani. Utazichukua wewe, kwa sababu herufi unazijua, utakwenda barazani siku yenye watu wengi, usome ukurasa wa tisa kwa sauti, na ukimaliza useme: baba yangu Bashiri aliapa uongo, nami mwanawe nimetumwa kusema. Usipunguze. Kodiani mpelekeeni Letisia, auze au apige, ni hiari yake. Na wimbo ule, Biasha, sikukatazi... sikukatazi kuuimba. Toa tu maneno yangu.

Ngojeni. Nivute pumzi.

Babu yenu yuko kule bondeni, na mama yenu yuko pembeni yake, na kati yao nilijiwekea nafasi. Miaka yote nimepapita nikijua ni pangu. Sasa hata pale si pangu. Msichimbe. Jembe lisiguse udongo ule mpaka mwenyewe, Letisia, aseme. Akisema hapana, msimbembeleze wala msinung'unike, nibebeni mkanilaze Nambilanje.

Mungu awashike wote wawili. Awape chakula cha halali hata kama ni kidogo, awajalie mchekwe nyinyi kuliko kumcheka mtu. Nimewasamehe kila kitu, hata yale mnayodhani sikuyaona. Na nyinyi... mkiweza.

Biasha. Inuka mama, vaa kanga yako. Jua bado liko juu, na lori la Mbekenyera halijapita. Usingoje nife ndipo uende. Nenda sasa hivi ukamwambie Letisia, Bashiri anaomba mahali pa kulala. Nataka nimsikie... nataka jibu lake linikute ningali na masikio.