Jina la Kumi na Saba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hekaluni leo, mimi ni Ruth, binti wa marehemu, na historia hii ameiandika Baba mwenyewe, mimi naisimulia kwa kinywa changu na nimeongeza ya mwisho tu.

Baba yetu, Isamu Kagehiro, alizaliwa tarehe 3 Februari 1920, Florin, California, kwenye mashamba ya stroberi, akapelekwa kwa bibi yake Kumamoto, Japani, akasoma huko hadi 1938, dawati moja na Teruo Uemoto, wakigawana hata viazi vitamu vya mchana, kisha akarudi Marekani kulima.

Vita vya Marekani na Japani vilipowafikia, wazazi wake walifungiwa na serikali kambini Arkansas, ndani ya seng'enge, kwa kuwa ni Wajapani tu, naye akaingia jeshi la haohao waliowafungia, akapelekwa Brisbane, Australia, kutafsiri karatasi zilizotekwa kutoka kwa Wajapani, nyingine zimegandamana kwa damu, sharti zianikwe kwanza. Tarehe 9 Machi 1944 alipewa mchoro wa kambi moja ya jeshi la Japani huko Guinea Mpya pamoja na orodha ya askari wake, na jina la kumi na saba lilikuwa la Teruo. Alitafsiri yote, kisima, ghala, mahandaki, hakuruka kitu, na siku ya nne ndege zikaenda kuipiga mabomu, hakupona mtu.

Baada ya vita alikwenda Kumamoto kumwambia mama yake Teruo, akakaribishwa viazi, akashindwa kusema, akarudi tena, akashindwa tena, na tarehe 12 Machi 1951 akamwoa Sumie, dada yake Teruo, ndiye mama yetu huyu aliyeketi mbele. Walihamia Sacramento, akafanya kazi posta miaka thelathini, wakajaliwa watoto wawili, Glenn na mimi.

Jamani, Baba alikuwa mbishi, alikosoa hata menyu za mikahawa, lakini kwa hili alifunga mdomo maisha yake yote. Januari aligundulika na saratani ya ini, akafariki tarehe 2 Juni 1994, akiwa ameniachia karatasi hii na agizo: "Isome mbele ya watu, mama yako asikie, mimi nimeshindwa."

Sikutaka kumshtukiza Mama, Jumanne nikamsomea jikoni, naye hata kisu hakukiweka chini.

"Nilijua tangu mwaka hamsini na tatu," akasema. "Nilikuwa nafua koti lake la jeshi, bitana ikafumuka, nikakuta nakala ya ile orodha, mwandiko wake, na jina la kaka yangu humo. Nikaishonea palepale. Nilikuwa namngoja aniambie mwenyewe, mjinga yule."

Kisha akalia, na mimi nikalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia wiki nzima, na wenzake wa posta mliombeba. Koti hilo amelivaa sasa, Mama kamvika kwa mikono yake, bitana haijaguswa.

Lala salama, Baba. Mama anajua.