Historia ya Mildred Kulwa Mashauri, Aliyebeba Jina la Pacha Wake

Wapendwa mliotoka Alby, Hallunda na mbali zaidi, mama yetu tunayemsindikiza leo aliwachagulia majina watoto wengi wa jumuiya hii, ilhali yeye mwenyewe aliishi miaka sabini na minne na jina ambalo halikuwa lake.

Mildred Kulwa Mashauri alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Sumve, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, akimtangulia pacha wake Doto. Mama yao alitaka Kulwa abatizwe Edith na Doto abatizwe Mildred, lakini siku yenyewe, kwa vilio na msongamano, wasimamizi walibadilishana watoto mikononi, katekista akambatiza Kulwa Mildred na Doto Edith, na kwa kuwa ubatizo haurudiwi, basi, maji yakimwagika hayazoleki. Doto alifariki kwa surua mwaka 1958, akazikwa na jina la dada yake.

Alisoma shule ya msingi hapo Sumve, kisha shule ya kati ya masista, ambako mwaka 1964 alimwuliza mwalimu wake, sista Mwingereza, maana ya majina yale mawili, akaambiwa kwamba Waingereza wa kale walifunga maneno mawili kuwa jina moja, Mildred likiwa nguvu yenye upole, na Edith heri iliyopiganiwa vitani. Nguvu tuliiona sote. Upole, mama atusamehe, tuliusubiri.

Tarehe 2 Septemba 1974 alifika Stockholm kusomea uuguzi, akatumikia wodi ya wazazi hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Optatus Mashauri, dereva wa treni, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa Anitha na Lameck. Nyumbani kwao Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, watu walifika na mimba zao na mikate ya mdalasini kuuliza majina, naye akawaeleza kwamba Edward ni mlinzi wa mali, Godfrey ni amani ya Mungu, na Alfred ni mwenye kushauriwa na majini, jambo lililomrudisha nyumbani Mzee Sixte, aliyetaka kumwita mjukuu wake Alfred, akafikiri upya.

Jina la Edith alimnyima kila mtu. “Hilo lina mwenyewe,” alisema, na maongezi yakaishia hapo. Hata Anitha alipoliomba kwa ajili ya bintiye mwaka 2001 alikataliwa, mtoto akaitwa Maya, wakanuniana hadi Krismasi. Ukweli ni kwamba mama aliogopa, akilitoa jina lile, atamwacha Doto kaburini bila jina lolote, na hofu hiyo ilimuumiza maisha yake yote.

Moyo wake ulianza kuchoka Februari 2024, akalazwa tarehe 3 Novemba 2025. Jumamosi ya tarehe 8, Maya alimletea kitandani binti yake mchanga, ambaye hakuwa na jina bado, akasema, “Mormor, du får bestämma,” yaani bibi, wewe ndiye wa kuamua. Mama alimpakata, akalia, akasema, “Mwiteni Edith, lilikuwa langu. Hili la Mildred ninamrudishia Doto.” Alfajiri ya Jumapili alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Norsborg mliotupikia siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa wodini, na ninyi akina Edward na Godfrey mliolibeba jeneza la aliyewapa majina.

Kulwa wetu, Edith amelala hapa mikononi mwa Maya. Nenda ukamkabidhi Doto jina lake, kisha upumzike kwa amani.