Hodi Tatu za Bi Fairuz wa Kisimani

Na Kingi Karisa, mchora ramani

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bi Fairuz Aidarus anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika reli. Alianza kwa kukata tiketi dirishani, na anaondoka akiwa afisa wetu wa uhusiano na wakaazi katika mradi wa stesheni ya chini ya ardhi ya Kisimani, pale abiria wa kutoka Makupa watakapobadilisha treni kuelekea Feri. Stesheni yenyewe haijachimbwa hata shimo la kupandia mgomba, lakini mtaa mzima unaijua kwa sababu yake.

Sisi tulifika Kisimani tukidhani kazi ni kupima tu. Bi Fairuz alitupanga foleni kama watoto wa chuo cha Kurani akatufunza adabu: hodi ni tatu, usipoitikiwa rudi zako, usichungulie ndani, ukikaribishwa kahawa, kunywa. Mwenzetu Jared aliikataa kahawa ya nyumba ya kwanza kwa kuogopa kuchelewa, akanuniwa na uchochoro mzima. Siku hizi anakunywa hata asipokaribishwa.

Halafu tukaharibu. Nyumba ambazo hazitaguswa kabisa, zinazotakiwa tu kuwekewa vipimo vya kuangalia kama kuta zitapata nyufa tukichimba, tulizipiga alama ya X kwa rangi nyekundu. Lo! Nani Kenya hii asiyejua kwamba X nyekundu maana yake nyumba inabomolewa? Kufikia adhuhuri magodoro yalikuwa nje, na Mzee Gunga, fundi viatu, alikuwa ameshapakia kabati kwenye mkokoteni. Bi Fairuz hakutugombeza. Alinunua mafuta ya taa, akatugawia matambara, akatupeleka mlango kwa mlango tusugue na kuomba radhi. Mzee Gunga alitusamehe, kwa sharti kwamba Jared alirudishe kabati ghorofani peke yake.

Sasa lile zito. Ngazi ya kutokea abiria ilikuwa na pahali pawili tu pa kupita: penye nyumba nne zilizojaa wapangaji, au penye nyumba moja ya mawe, ya marehemu babake Bi Fairuz, alimokuwa akiishi na mamake, Bi Sheikha. Siku ya kuamua, alitoka kikaoni akakataa kurudi. Tulimsihi aseme neno, maana wengine wote alikuwa amewatetea. Alisema akijitetea yeye, nani atamwamini tena mtaani? Ikaamuliwa nyumba ya mawe ibomolewe. Wengine tulilia, wala hatuoni haya kusema.

Kupeleka habari ilikuwa kazi yake, na hakumtuma mtu. Alisimama mlangoni kwao, nami pembeni yake, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kwa ya tatu Bi Sheikha alifungua, leso kichwani akidhani ni mgeni, akamuuliza bintiye kama amerukwa na akili, tangu lini mtu akapiga hodi kwao? Bi Fairuz alimwomba waketi barazani, akamweleza yote. Mama aliushika ukuta kwa mkono. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama kwenye hiyo stesheni yetu mtu mzima atapata pa kukaa.

Swali hilo nilirudi nalo kwenye meza yangu ya kuchorea. Leo jibu ninalo. Michoro ya mwisho imepitishwa, na juu ya ngazi, pale pale, nimechora baraza refu, lenye kivuli. Litajengwa kwa mawe ya ukuta ule ule alioushika Mama.

Bi Fairuz, ahsante kwa adabu, kwa kahawa, na kwa jina zuri ulilotutafutia mtaani. Mwenyezi Mungu akupe afya na raha, wewe na Mama. Njia ya nyumba yenu mpya kule Tononoka tunaijua, na mahamri tutakuja nayo. Na siku stesheni itakapofunguliwa, kabla ya yeyote wetu kukanyaga ngazi, tutasimama penye lile baraza tupige hodi tatu. Hatutashuka mpaka wewe useme karibuni.