Ng'ombe wa Rambirambi

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa Twaibah kusuuza vikombe. Alikuwa amekaa kando ya barabara ya Walukuba, mjini Jinja, kama anavyokaa kila alasiri, birika la kahawa juu ya jiko la makaa, tangawizi iliyopondwa ndani ya kibati, na mbele yake benchi la kijiwe, ambalo kwa kweli ni gogo la mtambo wa kufumia lililookolewa kiwanda cha nguo kilipokufa. Waliolikalia walikuwa wale wale: Adrisi, mzaliwa wa Arua, sajini mstaafu ambaye hata wajukuu zake humwita Sajini, Kato wa bodaboda, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, Ouma, dereva wa lori kutoka Kenya, aitwaye Kilomita, na mwishoni kabisa Sulait, aliyesomea kemia Makerere, akatumia maisha yake kupima ngozi na gundi, hata kijiwe kikambatiza Kemia. Kando yake Sulait aliacha nafasi ya mtu mmoja. Nandutu, mkewe, alizoea kukaa hapo akitoka zamu ya hospitali, na ingawa alikuwa amezikwa Wanyange mwezi uliopita, hakuna aliyeijaza nafasi hiyo. Twaibah alisuuza kikombe cha mwisho, akakipindua. Ndipo pikapu nyeupe iliposimama. Watu wawili waliteremsha fahali mwekundu mwenye nundu kubwa, wakamfunga kwenye mguu wa benchi, wakasema, "Rambirambi za Bwana Mukama, kwa ajili ya arobaini ya mama," wakaondoka.

— Banange! Kato akaruka. Hii ni ng'ombe ama ni tingatinga?

— Mukama ni nani? Twaibah akauliza.

Sulait alimtazama fahali, kisha kamba, kisha benchi.

— Ni wakala wa kampuni inayotaka kuliuzia jeshi viatu, akasema. Jeshi limeniita, raia peke yangu, kwenye bodi ya kuvikagua, kule kambini Mbale. Kikao kilichopita Mukama alituletea viatu vya mfano ndani ya sanduku zuri, vimepigwa rangi vinang'aa. Nikakataa. Nikasema nitachagua mwenyewe kutoka kwenye lundo, na nitavitia majini. Kikao kikaahirishwa.

— Mpaka lini? Ouma akauliza.

— Kesho.

— Na ng'ombe amefika leo.

— Leo.

Fahali akanyoosha shingo, akaanza kula mkeka wa Twaibah.

— We! Huo nimenunua! Twaibah akampiga kofi la pua. Shemeji, mimi nakwambia, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hata hakikutembea. Kimeletwa na pikapu.

— Wewe mama Twaibah nasema nini? Sajini akakohoa. Msiba hapana kataa kitu. Mtu naleta chumvi, napokea. Naleta kuni, napokea. Naleta ng'ombe, nasema hapana? Hiyo ni kutukana maiti.

— Sajini ameongea point, Ouma akasema. Na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ng'ombe akishafungwa kamba, sharti achinjwe.

— Na pia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, Kato akaongeza. Kemia ana dhiki. Mukama amefaa. Kwisha.

Walilokuwa wakilizunguka Sulait alilijua vizuri kuliko wao. Arobaini ilikuwa Jumamosi. Wakwe zake wangeshuka kutoka Mbale, basi zima, wazee wa kilimani ambao walimpa binti yao bila kumsumbua na mahari, na yeye alikuwa na gunia la mchele, maharage, na beberu mmoja asiye na mafuta. Kwa wali na maharage angewaambia nini? Kwamba Nandutu alikuwa na thamani ya maharage? Fahali huyu angelisha wote, na mifupa ingebaki ya mchuzi wa majirani.

— Kwanza tujibu swali kubwa, Kato akasema, maana redio haikai kimya. Wizi wa vitu vya jeshi unazuiwa namna gani? Tukishajua hiyo, ya ng'ombe ni ndogo.

— Rahisi, Sajini akasema. Wakati yetu, mtu akiuzia jeshi kitu mbovu, nasimama kwa ukuta. Pa! Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa hivyo piga risasi.

— Na wakati wenu huo, Sajini, Twaibah akauliza, mlikuwa mnavaa viatu gani?

Sajini alifikiri.

— Malapa.

Ouma alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Kumbe mlipiga watu risasi na bado mkavaa malapa!

— Malapa yangu ilikuwa nzuri, afande. Ilifika mpaka Masaka.

— Sikieni ya kisasa, Kato akasema. Kamera. Unaweka kamera ndogo ndani ya kisigino cha kila kiatu. Inaongea na setilaiti. Ofisa akipokea bahasha, kiatu kinamwona.

— Kiatu kitaona vidole, Ouma akamkata. Wacha nikupe ya barabarani. Mwenye kampuni na jenerali aliyesaini, wote wawili, wanavaa hivyo viatu Malaba. Wanatembea nyuma ya lori langu mpaka Mbale. Atakayefika na soli ndiye analipwa.

— Mvua inyeshe, Twaibah akaongeza.

— Mvua inyeshe! Na mimi sitapunguza gia.

— Wabebe na wake zao mgongoni, Kato akasema.

— Wake zao wamekosa nini? Twaibah akafoka.

— Hawajakosa. Ni uzito wa majaribio. Lakini bado hamjafika. Mimi sasa nimefika. Kato akasimama juu ya benchi, mkono mmoja juu ya nundu ya fahali. Futeni viatu! Askari watembee miguu mitupu. Hakuna kiatu, hakuna tenda. Hakuna tenda, hakuna wizi. Mwangalieni huyu mheshimiwa hapa. Amewahi kuvaa viatu? Nani amewahi kumshinda?

— Mchinjaji, Sajini akasema.

Walicheka wote. Hata Sulait alitabasamu, lakini neno la miguu mitupu lilikuwa limemgusa mahali pengine.

Mwaka ule udongo wa mlima kule Mbale ulipoteremka juu ya nyumba za watu, jeshi lilipelekwa kufukua. Nandutu, kwa kuwa alikuwa muuguzi na wale waliofukiwa walikuwa watu wa kwao, alipanda gari akaenda kusaidia. Aliporudi Jinja hakusema habari za waliokufa. Alifungua mfuko wa sandarusi, akatoa soli ya kiatu cha askari, soli peke yake, akaiweka mezani mbele ya mumewe. Alimweleza kwamba viatu viliachia matopeni siku ya kwanza tu, na vijana wakaendelea kuchimba miguu mitupu kati ya mabati na misumari, na yeye akashinda akiifunga hiyo miguu. Kisha akamwuliza swali moja. "Wewe ni mtu wa gundi," alisema. "Niambie hii ni nini."

Ndiyo sababu Sulait alikubali walipomwita kwenye bodi.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye leso kiunoni alikuwa amefika na mkokoteni wa magunia ya mukene, wale dagaa wa Masese. Alikuwa Maximilla, mfanyabiashara kutoka Busia ya Kenya, ambaye Ouma alimwahidi nafasi kwenye lori. Alikaa. Na kwa kuwa hakujua, alikaa pale pale pa Nandutu. Twaibah alifungua mdomo, Sulait akamwashiria aache.

— Hamjambo. Huyu ng'ombe ni wa nini? Mbona mnabishana juu yake kama kesi ya shamba?

Kato alimweleza yote kwa pumzi moja: viatu, bodi, msiba, arobaini, risasi, kamera, na kwamba walikuwa karibu kulipatia taifa jawabu. Maximilla alisikiliza akipuliza kahawa.

— Pole sana, mzee, akamwambia Sulait. Sasa mimi nauliza tu. Huyu Mukama, alikuja kuzika?

Ouma aliangalia kikombe chake. Kato alishuka kwenye benchi. Sajini, ambaye siku ile ya Wanyange ndiye aliyesimama akitangaza michango, na aliyewakumbuka wote waliotoa, alivua kofia yake akaikunja, akaivaa tena.

— Twaibah, ongeza kahawa, Kato akasema kwa sauti ndogo.

— Imekwisha.

Sulait aliinamisha kikombe chake juu ya sinia. Alikuwa akiisikia sauti ya Sajini siku ya maziko: Ouma, dereva, sukari! Twaibah, kahawa! Kila mchango kwa jina la mwenyewe, mbele ya watu wote, na watu wote wakiitikia "Mwebale!", asanteni. Hivyo ndivyo rambirambi zinavyopokewa hapa Busoga. Hakuna anayenong'ona.

— Sajini, akasema, umesema kweli. Msiba haukatai kitu. Lakini msiba hutangaza.

— Hiyo ni ndiyo.

— Kilomita, kesho lori lako linapita Mbale?

— Linapita Malaba, mzee. Mbale ni kupinda.

— Linapita Mbale?

Ouma alimtazama fahali, akamtazama Maximilla, akamtazama Sulait.

— Linapita Mbale, akasema.

Asubuhi yake, baada ya sala, kijiwe kizima kilihama. Fahali alisimama katikati ya lori kati ya magunia ya mukene, na kila lilipopunguza mwendo watu wa Iganga waligeuka kutafuta harufu inatoka wapi. Maximilla alikaa mbele. Twaibah alipakata chupa kubwa ya kahawa. Kato aliifungia pikipiki yake kwenye nguzo akapanda nyuma, akimkinga fahali jua kwa kofia ya bodaboda. Sajini alikuwa amevaa bereti aliyostaafu nayo. Kwenye lango la kambi mlinzi aliuliza wamebeba mzigo gani, naye Sajini akapiga saluti.

— Mashahidi na ng'ombe moja, afande.

Uani masanduku ya viatu yalipangwa kufikia urefu wa mtu. Kanali Nangobi, mwenyekiti wa bodi, mama mwenye miwani na maneno machache, alikuwa amekaa nyuma ya meza. Bwana Mukama alisimama karibu naye katika suti ya rangi ya majivu, akimtabasamia Sulait kama mtu na shemeji yake. Askari waliopanga masanduku walikuwa mstarini kando ya ukuta.

Sulait aliteremsha fahali mwenyewe. Alimwongoza kwa kamba kupita katikati ya uwanja hadi mbele ya meza, na hapo, yeye ambaye hata darasani hakuwahi kupaza sauti, aliipaza kama Sajini alivyoipaza Wanyange.

— Fahali mmoja! Kutoka kwa Bwana Mukama, muuza viatu! Kwa nyumba ya mkaguzi wa viatu! Ameletwa jana!

— Mwebale! kijiwe kikaitikia kutoka kwenye lori.

Tabasamu la Mukama lilibaki usoni, lakini halikuwa tena na mwenyewe.

— Bwana Mukama, Kanali akasema, ng'ombe huyu ni wako?

Mukama aliwaangalia watu wa kwenye lori. Mmoja wao, mwenye kofia ya bodaboda, alimpungia mkono.

— Afande, ilikuwa rambirambi tu. Ni utamaduni wetu. Bwana Sulait amefiwa na mke.

— Nasikitika, Kanali akamwambia Sulait. Akamgeukia tena Mukama. Marehemu aliitwa nani?

— Afande?

— Umempelekea ng'ombe mzima. Aliitwa nani?

Mukama alimtazama fahali kana kwamba angemnong'oneza. Kisha kutoka mstarini, bila ruhusa, ikatoka sauti ya askari mmoja wa makamo.

— Sista Nandutu, afande.

Kanali aligeuka.

— Ulimjua?

— Alinifunga miguu, afande. Kule kwenye maporomoko.

— Na mimi, akasema mwingine.

— Hata mimi, afande.

Sulait aliishika kamba kwa mikono miwili. Kwa kitambo hakuona masanduku wala meza. Alipoona tena, Kanali alikuwa amesimama.

— Huyo ng'ombe ni kielelezo. Kielelezo hakiliwi. Apewe majani na mlinzi. Bwana Mukama, usiondoke, kuna watu watataka kuongea na wewe. Bwana Sulait, chagua.

Mukama alionyesha sanduku la juu. Sulait akalipita. Alivuta la katikati ya lundo, akalifungua, akatoa kiatu cha chini kabisa, akakizamisha ndani ya beseni la maji. Twaibah, ambaye hakuna aliyemkataza, alikuwa tayari anawamiminia askari kahawa. Kabla vikombe vya kwanza havijapoa, Sulait alikitoa kiatu, akakikunja mara moja kwa mikono yake, na soli ikaachama kama mdomo wa sangara kwenye gati la Masese.

— Kingine, Kanali akasema.

Kingine nacho kikaachama. Na cha tatu. Askari mstarini walianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha waziwazi, na hakuna afande aliyewanyamazisha. Kanali akaamuru masanduku yote yarudishwe kwenye malori yaliyoyaleta. Sajini akamwambia Kato kwamba wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, naye Kato akaitikia, "Mwebale!"

Sulait aliing'oa soli ya kiatu cha kwanza hadi mwisho. Jumamosi wakwe zake wangekula wali na maharage na yule beberu, naye angewaeleza kwa nini, na alijua sasa kwamba wangeomba aeleze mara ya pili. Akaifuta maji kwa leso yake, akatembea nayo hadi kwenye meza, akaiweka mbele ya Mukama.

— Niambie hii ni nini, akasema.