Fimbo ya Mzee Wangwe na Maonyesho Mawili ya Bendi

Mzee Nyangwine Wangwe, askari mkuu wa lango na kiongozi wa Bendi ya Ngoma ya Mgodi wa Nyakorera, anastaafu tarehe 31 Desemba 1957 baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi imeniagiza mimi, karani wa stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, na imesisitiza niwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Alizaliwa Nyamwaga, katika familia ya wakulima wa mahindi na ndizi waliokuwa na ng'ombe wachache na maneno mengi. Alifika hapa mwaka 1934 kuchimba dhahabu. Hakumaliza mwezi chini ya ardhi kabla ya kutangaza kwamba mtu mwenye sauti kama yake hafai kufukiwa, akapewa lango. Wakati wa vita alikwenda Burma, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alipiga ngoma mbele ya majenerali. Gati wa karakana, aliyekuwa naye kikosi kimoja, anakubali kwamba Wangwe alipiga kweli, ila alichopiga ni sufuria, kuwaita watu chakula.

Aliporudi alianzisha bendi. Alikusanya ngoma kubwa moja, ngoma ndogo kadhaa, tarumbeta moja, na fimbo ndefu yenye kichwa cha shaba ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe, Mama Christina, husema kwamba nyumbani fimbo hiyo ina nafasi yake kitandani, na siku za mvua ndiyo inayofunikwa kwanza. Kila Siku ya Michezo mzee alipaka masharubu yake samli ili yasimame. Yalisimama vizuri, na nzi walikaa juu yake kwa raha zao. Tumecheka sana, lakini kila mmoja wetu alijua kwamba mtu huyu ukimwondolea fimbo ile umemwondolea kila kitu.

Sasa nije kwenye jambo linalobishaniwa kila jioni kwenye klabu ya pombe: ni onyesho gani la bendi lililokuwa bora, la mwaka jana au la mwaka huu? Yote mawili niliyaona nikiwa benchi la mbele.

La 1956 lilianza vibaya kabla halijaanza. Ngoma kubwa ilikuwa imewambwa ngozi ya punda milia, ambayo Mzee Wangwe aliinunua kwa mwindaji mmoja wa Robanda kwa sababu ya michoro yake. Ilipendeza mno machoni. Ilipopigwa, ilitoa mlio wa mtu anayedondosha gunia la mahindi. Tarumbeta nayo ilikuwa imekanyagwa na ng'ombe wiki ile, na badala ya kuomba nyingine mzee akaamua kutumia baragumu, pembe ya tandala, akisema Wazungu nao wapate kusikia kitu.

Bendi ikaingia, ikazunguka, ikajifunga yenyewe kwenye duara, ikajifungua. Walipofika mbele ya Meneja, Mzee Wangwe akainua pembe akaipuliza kwa kifua chake chote.

Msomaji ambaye si wa huku aelewe kwamba kwetu pembe haipulizwi hivi hivi. Ikilia, maana yake wezi wamechukua ng'ombe, na mwanamume anayebaki amekaa ana maelezo ya kutoa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ng'ombe!" na uwanja mzima ukanyanyuka. Wakaondoka watazamaji, wakaondoka wachezaji wa mpira, wakaondoka washindani wa mbio za maili moja, ambao nasikia siku ile walikimbia kama maili nne. Alibaki Meneja na mkewe, padri, na viti. Wanaume walipofika makwao na pinde na mapanga, walikuta ng'ombe wao wanacheua.

Mzee Wangwe peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuja benchi langu jasho likimtoka.

"Karani," akaniambia, "umeona walivyosimama nilipopiga saluti? Wote!"

Kamati haikufurahi. Mwenyekiti wetu Bwana Mniko, ambaye ni karani mkuu na mfugaji mkubwa, alimwita ofisini akamweleza waziwazi kwamba akiharibu onyesho lingine, fimbo itakwenda kwa Hezekia, mpiga ngoma kubwa. Mzee alitoka mle ndani masharubu yameanguka. Hapo ndipo nilipomwona ana hofu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na sikupenda kuiona.

Kwa hiyo onyesho la 1957 lilikuwa safi. Ngozi ilikuwa ya fahali, na ngoma kubwa ilisikika mpaka tumboni. Tarumbeta ilikuwa mpya. Mistari ilinyooka, magoti yalipanda pamoja, duara lilifunguka bila mtu kukanyagwa. Lilikuwa pia onyesho la kuchosha kuliko yote niliyowahi kutazama. Niliona watu wawili wamelala, na mmoja wao ni mjumbe wa Kamati.

Bwana Mniko hakutaka kubahatisha. Kabla bendi haijaingia alisimama na kipaza sauti cha bati akawatangazia watu, "Leo mkisikia pembe, msiondoke. Ni bendi tu. Pigeni makofi."

Watu wakasikia. Bendi ilipokuwa inakaribia jukwaa kwa saluti, pembe ikalia kutoka upande wa mlimani. Watu wakapiga makofi. Ikalia tena, ndefu, inakatika katika, na makofi yakazidi. Bwana Mniko alimwinamia Meneja akamweleza kwamba hilo ni jambo jipya, wamelipanga kwa siri.

Mzee Wangwe hakuwa amepanga kitu. Yeye, na hapa naomba nisimpambe, hakufikiria wezi hata kidogo. Alichosikia ni mtu anayepuliza nje ya mapigo yake, siku ambayo fimbo yake iko hatarini, na akaamua kwamba kuna mwenye wivu anayemharibia. Uso ukamvimba. Akaiinua fimbo, akatoa amri ya kugeuka nyuma hatua chache tu kabla ya saluti, akaitoa bendi yote uwanjani, ikapita lango, ikapanda mlima ngoma zikiunguruma. Alikuwa anakwenda kumpiga mtu.

Nyuma ya mlima kulikuwa na wezi kweli, wanaswaga kundi zima. Walipoona safu ya wanaume wenye kaki na mishipi myekundu inatokea juu kwa ngoma, wakadhani ni askari wa bomani Tarime. Wakatupa fimbo zao wakatawanyika porini. Mzee hata hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji aliyekuwa na pembe mkononi, mzee mwenzake Mseti, aliyekuwa amepuliza mpaka pumzi imekwisha.

"Wewe Mseti! Nani alikutuma kuharibu bendi yangu?"

"Tata, mzee mwenzangu, ng'ombe walikuwa wanaibwa! Tazama!"

Hezekia anasema mzee alitazama ng'ombe, akatazama wanabendi, akavuta masharubu. "Nilijua," akasema. Tangu siku hiyo anashikilia kwamba aliusikia wizi ndani ya pembe, na anayetaka kumbishia ajiandae kukaa hapo hadi jogoo awike.

Ng'ombe wale walikuwa wa Bwana Mniko, wote.

Basi Kamati ikakutana. Ilieleza kwamba mambo ya ng'ombe ni ya mtu binafsi, ila kuondoka mbele ya Meneja, mgeni rasmi, bila kupiga saluti ni jambo la mgodi. Bwana Mniko alizungumza vizuri sana juu ya nidhamu, akiwa ameshiba maziwa ya ng'ombe wale wale. Iliamuliwa kwamba Mzee Wangwe apumzishwe ili kupisha damu changa, na Meneja akaridhia. Niliambiwa niandike kwamba ameomba mwenyewe. Hakuomba. Nafasi ya kufutia sentensi hii ipo, Bwana Mwenyekiti, lakini itabidi uje stoo uifute wewe, maana mimi imenishinda.

Kuhusu lile swali la klabuni, jibu langu ni hili. Mwaka jana bendi ilikuwa mbovu na watu walikuwa wazima. Mwaka huu bendi ilikuwa nzuri, na sisi watazamaji tulikaa tukapigia makofi wizi. Mimi nilipiga makofi pia, kwa nguvu. Ninaona aibu, na ninaona uchungu kwamba katika uwanja mzima aliyeadhibiwa ni yule aliyenyanyua miguu, hata kama aliinyanyua kwa hasira na majivuno yake.

Mzee aliomba kitu kimoja tu, aongoze bendi siku ya kuagwa kwake. Kamati imekataa, bendi isije ikaondoka naye tena. Kwa hiyo tarehe 31, saa kumi alasiri, Hezekia ndiye atakayeshika fimbo, na Mzee Wangwe atakaa mbele, kando ya Bwana Mniko, mikono magotini.

Tunamshukuru kwa lango alilolilinda, kwa kelele zake, na kwa kutuchekesha hata alipokuwa hana nia hiyo. Tunamshukuru pia kwa niaba ya mtu mmoja ambaye hajashukuru.

Ila Mzee, jambo moja ulijue mapema. Wapiga ngoma wamenijia stoo mmoja mmoja, na kila mmoja amesema kwamba siku hiyo hataangalia fimbo, ataangalia kiti chako. Wa mwisho kuja alikuwa Hezekia. Alisema hata yeye. Basi ukae vizuri, ulitikise goti kwa mapigo, maana ukikosea bendi yote itapotea. Tunakutakia mapumziko mema wewe na Mama Christina, kuanzia kesho yake.