Pikapu Iliyokufa kwa Kiu

Mbele ya duka la Bile, hapa Mutomo, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi zamani, na springi moja imetokeza upande wa kushoto. Anayechelewa ndiye anayeikalia. Tunapaita Gereji, ingawa hakuna kitu kimewahi kutengenezwa hapo ila uongo. Bile ananunua na kuuza ng'ombe. Kahawa yake ya tangawizi anatupa bure, kwa sababu tukinywa tunataja nani ana shida, na mwenye shida huuza ng'ombe. Asubuhi hiyo ya Oktoba, mwaka wa themanini na sita, mwenye shida alikuwa amekaa na sisi. Ni Ndululu. Pikapu yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, imevutwa na trekta kutoka njia ya Kitui, na fundi alikuwa ameshaifungua, akaifunga, akatikisa kichwa. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki tena, na block, lile chuma lake kubwa, imepasuka. Ndululu alikuwa na maksai wawili wa kuuza na jambo moja la kuamua: wawe injini nyingine, ama wawe gari lingine.

— Weka injini, alisema Spana.

Jina lake ni Nzioka. Aliwahi kufanya kazi kwenye karakana kubwa Nairobi. Alikuwa anafungua geti, lakini sisi si watu wa kuuliza.

— Body bado ni mzima, akaendelea. Unatoa hiyo roho imekufa, unaweka ingine.

— Na hiyo ingine inatoka wapi? Ndululu aliuliza.

— Nairobi. Kuna injini zimelala huko zinangoja mtu. Zingine zilikuwa za wazungu.

— Injini ya mzungu itakubali barabara ya Zombe? Bile alidakia.

— Itazoea. Mzungu mwenyewe si alizoea?

Bile alimimina kahawa kwanza. Akimimina hivyo, jua ana kitu cha kuuza.

— Ng'ombe yako ikianguka, hubadilishi tumbo. Unanunua ng'ombe ingine. Binamu yangu Muktar ako na gari Garissa. Gari imetulia kabisa. Haina mawazo.

— Gari huwa na mawazo?

— Angalia yako pale. Si inafikiria?

Tuligeuka wote tukaiangalia. Kweli ilikuwa kama inafikiria.

Mutunga alikohoa. Yeye ni mzee wa kanisa, tunamwita Askofu kwa sababu akiombea chakula, kinapoa.

— Nyinyi mnaongea maneno ya chuma. Hiyo gari iliombewa. Ndululu, pastor aliweka mikono wapi?

— Kwa bonnet.

— Na chini ya bonnet kuna nini?

— Injini.

— Basi. Baraka iko kwa injini. Ukiipeleka kwa skrepa, umeuza baraka kwa kilo.

— Hapana! Spana aliruka. Mimi nilikuwa hapo. Pastor alisema "hiki chombo." Chombo ni yote, pamoja na body.

— Na matairi? Bile aliuliza kwa upole. Yalibadilishwa juzi. Hizo mpya zimeokoka?

Askofu alifikiri.

— Tairi inafuata gari, alisema, lakini si kwa nguvu sana.

— Na kama ilikuwa na baraka, mbona imekufa? Bile aliendelea.

— Imekufa vizuri! Askofu alifoka. Imekufa kwa uaminifu!

Hapo alikuwa anasema kweli, nami lazima nieleze. Siku ilipokufa, Ndululu alikuwa amebeba mapipa ya maji ya akina mama wa kanisa, ya kufyatulia matofali. Radiator ikaanza kuvuja njiani. Akina mama waliokaa juu ya mapipa wakamwambia achote. Akakataa katakata. Akasema maji ya kanisa hayaingii kwenye injini, yeye atafika tu. Gari likafa kwa kiu huku limebeba maji hadi yanamwagika. Tulicheka tena mpaka kahawa ikatupalia. Ndululu hakucheka. Aliipenda ile pikapu, na iliuma kumwona anavyoikwepa kwa macho.

— Kumbe kanisa ndio imeua gari, Spana alisema. Kanisa inunue injini.

— Nyamaza wewe, Askofu alimwambia.

— Ama auze maksai mmoja, Spana aliendelea, anunue nusu injini. Silinda mbili tu. Ataenda pole pole.

— Na mlima? Bile aliuliza.

— Asipande. Atafute kazi ya kushuka.

Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema anunue injini mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Spana aliniangalia kwa heshima.

Ndipo Mbinya, mke wa Ndululu, akatokea na wale maksai wawili kutoka kisimani.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo, Mama Ndila. Kaa unywe kahawa.

— Asante, sikai. Nimesikia hawa wanaenda kuwa gari.

— Ama injini, Spana alimrekebisha. Bado tunaangalia.

— Sawa. Nataka kuuliza tu. Jana imenyesha Zombe. Ikifika hapa, nani atavuta plau?

— Tutaomba ng'ombe ya watu, alisema Ndululu.

— Ya nani?

Tangu ile njaa ya themanini na nne, upande wetu walibaki maksai hao wawili tu. Wengine walikufa, wengine tuliwala. Mbinya aliwavusha kwa kuwakatia matawi na kuwafuatia maji mpaka miguu ikavimba. Mvua ikija wanalima kwake, kisha kwa Askofu, kisha kwa Spana, kisha kwangu. Na sisi asubuhi nzima tulikuwa tunawauza, tena kwa kahawa ya bure. Niliona aibu, nasema ukweli.

Askofu alichungulia kikombe. Spana aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa akala za tairi.

— Mimi, Askofu alisema mwishowe, tangu mwanzo hiyo gari sikuipenda.

— Ilikuwa na kiburi, Spana akaongeza.

Bile aliwatazama maksai mbavuni, walivyonona wakang'aa, akameza mate.

— Na hawa wamekonda, alisema. Mimi sinunui.

Ndululu aliinuka, akachukua kamba ya mmoja mkononi mwa mkewe. Alipofika kwenye pikapu alisimama, akapangusa vumbi la kioo kwa mkono wa shati, pole pole, upande wa dereva tu. Maksai nao wakasimama wakimngoja.

— Twende, Mbinya alimwambia. Hiyo haiendi mahali.